Namna ya Kumlaza Mwandika Programu

Mwongozo huu haukuandikwa kwa ajili ya mwandika programu. Yeye hatausoma, ana kazi ya kukabidhi kesho, na keshokutwa ana nyingine. Umeandikwa kwa ajili ya mama yake, mke wake, mdogo wake anayelala naye chumba kimoja, mwenye nyumba anayeona mwanga dirishani hadi adhana ya Alfajiri, na bosi wake. Kumlaza mtu mzima mwenye akili timamu na laptopu ni ufundi, una zana zake, muda wake na maneno yake. Wapo kina mama wa Rumonge, mji wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, wanaoweza kumbembeleza mtoto mwenye homa huku wakigeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwenye vichanja, lakini wameshindwa na kijana wa miaka ishirini na mitano aliyeinamia kioo. Si kosa lao. Hakuna aliyewafundisha.

Anza kwa kumtambua, maana si kila anayekesha na kompyuta anaandika programu. Wengine wanaangalia mpira. Mwandika programu hukaa kimya muda mrefu, kisha hutamka neno moja kwa sauti, mara nyingi "kwa nini?", halafu hunyamaza tena. Chai aliyowekewa saa mbili usiku bado imejaa kikombe, imefanya utando juu. Ukimwita kula hujibu "nakuja" bila kugeuza shingo, na ukimwita mara ya pili hujibu "nakuja" kwa sauti ileile kabisa. Dalili ya uhakika ni "dakika tano tu". Dakika hizo hazihesabiwi kwa saa ya ukutani. Zinaisha siku hitilafu itakapoisha.

Usimchukie kwa hilo, wala usimwite mkaidi. Ana sababu za kuupenda usiku, na ukizipuuza hutamlaza. Mchana wa mwambao una joto la ziwa na la bati, una wageni, una umeme unaokatika palepale anapoanza kushika uzi wa kazi, na intaneti inayogombaniwa na kila aliye macho. Usiku watu wakilala, umeme ukarudi, kifurushi kikawa nafuu, mashine inakimbia. Tena kazi yenyewe inamtaka ashike kichwani mambo mengi kwa mpigo: fedha inaingia wapi, inatoka wapi, na itakuwaje mtandao ukikatika katikati ya malipo. Ukimwita, yote hayo yanaanguka, na kuyaokota huchukua muda mrefu kuliko ule uliomtuma dukani. Amejifunza kwamba usiku ndio muda pekee ambao hakuna anayemwita.

Kwa hiyo kazi ya kumlaza usiku huanza asubuhi. Mpe saa tatu nzima bila kutumwa. Asibebe gunia la makaa, asiitwe kuja kumsalimia shangazi, asitumwe kumchukulia jirani chenji. Shangazi atasubiri, mwambieni ukweli, kwamba mtoto wake yuko kazini ingawa anaonekana amekaa. Hapa familia nyingi huteleza. Kijana anayeamka akaenda ofisini Bujumbura huheshimiwa kwa sababu amepanda basi. Aliyebaki nyumbani akifanya kazi ya mteja wa Montreal huhesabiwa kuwa yupo, na aliyepo hutumwa. Akikosa asubuhi yake, ataidai usiku.

Sasa mpeleke ziwani. Usimpeleke kuogelea, mpeleke shule. Rumonge ina bahati ya kuwa na walimu wakubwa wa kazi za usiku. Jua likizama nyuma ya milima ya Fizi, upande wa Kongo, mitumbwi ya wavu wa kuinua inatoka, na vile vyombo vikubwa wanavyoviita apollo. Gizani zinawashwa taa, zamani karabai za mafuta, siku hizi zaidi taa za betri. Mwanga unavuta vijidudu vya majini, vijidudu vinavuta ndagala, ndagala wanavuta samaki waitwao mukeke, na wavu uliotegwa chini unainuliwa pamoja na wote waliomo. Ni kazi ya usiku kucha, yenye baridi na upepo, juu ya ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal.

Mwandika programu akiyasikia haya hufurahi sana. Na mimi ni mvuvi, atasema, nina taa yangu gizani. Hapo ndipo umshike mkono umwonyeshe nusu ya pili ya kazi hiyo. Mitumbwi inarudi kunapokucha. Samaki wanauzwa palepale, ndagala wanapokelewa na wanawake wa kuanika, na mvuvi anakwenda nyumbani, anaoga, anakula ugali wa muhogo, analala. Nyumba nzima inatembea kwa vidole. Watoto wanafukuzwa uani. Hakuna jirani anayemwita mvivu kwa kulala saa nne asubuhi, na hakuna anayemwamsha aje kwenye kikao cha saa tatu kwa video, kamera ikiwa imewashwa. Kijana wetu amechukua usiku wa mvuvi akaacha mchana wake. Anakesha na wavuvi, kisha anaamka na makarani.

Halafu kuna mwezi. Siku za mwezi mpevu taa ya mvuvi inapoteza nguvu, kwa sababu ziwa zima lina mwanga. Ndagala hawakusanyiki, wavu unapanda mwepesi, na wengi hawatoki. Kila mwezi, basi, kuna usiku kadhaa wa kubaki nchi kavu. Nyavu zinashonwa, mitumbwi inazibwa, wagonjwa wanatembelewa, watu wanalala na wake zao. Hakuna mvuvi aliyekaa kikao akajipangia mapumziko haya. Ziwa ndilo lililompangia. Na nchi nne zinazolizunguka, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilikubaliana ziwa lenyewe lipumzike miezi mitatu kila mwaka, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane na kukua. Tanzania ilifunga uvuvi upande wake mwaka 2024. Kufungwa kwa ziwa kunaiuma familia inayokula cha leo leo, na sitaki kulisema kirahisi. Lakini waliolifunga walikuwa wameona kitu ambacho mabosi wa kompyuta bado hawajakiona: kinachovunwa kila usiku bila kikomo hupungua.

Kompyuta haina mwezi mpevu. Usiku wake wote ni giza, na taa yake inavuta kila siku. Kwa hiyo nyumba ndiyo iwe mwezi. Chukua kalenda ileile mnayoitazama kuingojea Ramadhani, tafuta tarehe 13, 14 na 15 za kila mwezi, na zitangaze kwenye meza ya chakula kuwa siku za kutotoka. Usiku huo laptopu inafungwa saa moja. Atabisha kwamba mwezi hauna uhusiano wowote na programu. Mwambie ni kweli kabisa, na ndiyo faida yake: mwezi haubembelezeki, haupokei udhuru, na hauna barua pepe. Tarehe hizo zikishazoeleka, utaweza kuongeza nyingine.

Jambo linaloharibu juhudi za nyumba nyingi ni swali la "umechoka?" Usimwulize. Atasema hapana, na atakuwa anasema kweli kwa jinsi anavyojisikia. Mwaka 2003 Hans Van Dongen, David Dinges na wenzao wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitoa matokeo ya watu waliolala saa sita au pungufu kila usiku kwa wiki mbili. Umakini wao ulishuka siku hadi siku, ukafikia ule wa mtu aliyekesha usiku mmoja hadi miwili bila kufumba jicho. Walipoulizwa kama wana usingizi, walijibu kwamba wana kidogo tu. Uchovu wa kila siku unakula kwanza kile kipimo ambacho mtu angekitumia kuupima.

Badala ya kuuliza, hesabu. Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha huko Australia, mwaka 1997, kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya vibaya sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu mtu kushika usukani. Aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi anafika hapo saa tano usiku. Saa hiyo ikigonga, ifunge kompyuta kwa upole na kwa uhakika, kama unavyomnyang'anya funguo shemeji aliyetoka harusini.

Atakwambia kazi yake si gari, haigongi mtu. Jibu hili unalo hapohapo mjini. Rumonge inaishi kwa mawese kama inavyoishi kwa samaki. Chukua mfano wa programu ndogo ya wafanyabiashara wa mawese, inayoandika nani amechukua madumu mangapi, amelipa kiasi gani, amebakiza kiasi gani. Saa tisa usiku kijana anataka kufuta mistari mitatu aliyoiingiza kwa majaribio. Amri ya kufuta ina sehemu mbili: ufute kwenye jedwali lipi, na ufute mistari ipi. Mkono uliochoka unaandika sehemu ya kwanza na kubonyeza. Kompyuta haishangai, haiulizi "una hakika, mwanangu?" Inatii. Inaleta jibu la idadi ya mistari iliyofutwa, na mahali pa ile mitatu pamesimama maelfu. Kuna sekunde moja ambayo kila mwandika programu anaijua, ya kuisoma ile namba mara ya pili. Nakala ya akiba alikuwa amepanga kuiweka kesho. Asubuhi wenye madeni wanatabasamu, na mama mmoja aliyekopesha madumu ya msimu mzima amesimama mlangoni na daftari ambalo aliambiwa halihitajiki tena.

Hilo ni kosa linaloonekana. Yasiyoonekana ndiyo mengi. Davide Fucci na wenzake waliwachukua wanafunzi 45 wa Chuo Kikuu cha Basilicata, Italia, wakawapa kazi ya kuandika programu. Baadhi walikuwa wamekesha usiku uliotangulia, wengine walilala kama kawaida. Usiku mmoja tu wa kukesha ulishusha ubora wa kazi kwa nusu. Weka hesabu hiyo mbele yake, maana anapenda hesabu: aliyeiba saa nane za usingizi ili azifanyie kazi ameharibu nusu ya kazi ya siku ya pili, na siku ya tatu ataitumia kurekebisha ya siku ya pili. Hata duka la mtaani halifungi mwaka kwa hesabu hiyo.

Zana sasa. Ya kwanza ni chandarua. Mwaka 2017 Burundi ilitangaza mlipuko wa malaria, na mwambao wenye joto na maji haujawahi kuisahau homa hiyo. Mbu wa malaria hufanya kazi usiku, na mtu anayekaa mezani hadi saa tisa, miguu wazi chini ya meza, yuko nje ya chandarua kwa saa zilezile ambazo kilinunuliwa kwa ajili yake. Mwambie hivyo, hoja hii huwashinda wengi ambao hoja ya usingizi haikuwashinda. Ya pili ni kahawa. Hatumnyimi mtu kahawa ya Kayanza na Ngozi, ni haki yake ya uraia, lakini nusu ya nguvu yake hubaki mwilini saa tano hivi baada ya kunywewa. Kikombe cha saa kumi na mbili jioni kinakuwa bado na nusu kikombe ndani ya damu saa tano usiku. Mpe ya asubuhi mpaka ashibe, na baada ya saa nane mchana mpe chai ya tangawizi isiyo na majani. Vile vinywaji vya kopo vya kutia nguvu visiingie ndani ya nyumba.

Mchana mwache asinzie. Ofisi za Burundi zimezoea kufungwa saa sita na kufunguliwa saa nane, na wakubwa zetu waliujua umuhimu wa saa mbili hizo kabla ya kiyoyozi. NASA iliwapima marubani wa safari ndefu ikakuta usingizi wa wastani wa dakika 26 unatosha kuwarudishia umakini. Mkeka chini ya mwembe, upepo wa ziwa, simu ndani ya nyumba. Asizidishe nusu saa, la sivyo usiku utamkuta macho tena.

Kabla hatujafika kwa bosi, na sisi jamaa tujitazame, kwa sababu wengi wa hawa vijana hawakeshi kwa kupenda kompyuta. Wanakesha kwa ada ya wadogo zao, kwa bati la mzee, kwa dawa za bibi, huku bei zikipanda na faranga ikishuka. Tunamwomba fedha kwa ujumbe wa simu saa nne usiku, halafu saa tano tunamwomba alale. Harusini tunasimama tukamsifu mbele za watu kwamba huyu halali, anahangaika, ni mwanaume. Maneno hayo yanamfunga kitini kuliko mkataba wowote. Familia inayotaka kijana wake alale ikae chini ihesabu anabeba watu wangapi, na mmoja wao ashuke. Kaka mkubwa aliyepata kazi, shemeji mwenye duka, mjomba aliye Bujumbura, kila mmoja achukue kipande. Hili halifurahishi kulisema mbele ya wakubwa, lakini bila hilo chandarua na chai ya tangawizi ni mapambo.

Bosi, karibu, kaa. Wewe ndiwe unayetengua kwa ujumbe mmoja wa "haraka tafadhali" kile mama alichokijenga kwa mwezi mzima. Mwaka 1926 Henry Ford aliwapa wafanyakazi wa viwanda vyake wiki ya siku tano, saa 40, na alikuwa mfanyabiashara mkali aliyejua hesabu zake. Wakati huo watu walikuwa wakifunga bolti. Wewe unadai saa 70 za mtu anayefunga mawazo. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria mwaka 2021 kwamba watu 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa kiharusi na magonjwa ya moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. China, ambako makampuni ya teknolojia yalizoea kuwaweka watu kazini kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, siku sita, waandika programu walipaza sauti mwaka 2019, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Watu ikasema wazi kwamba utaratibu huo ni kinyume cha sheria. Usisubiri mahakama.

Ukiona kazi imechelewa, usiongeze usiku, wala usikimbilie kuongeza watu. Frederick Brooks, aliyesimamia mfumo mkubwa wa kompyuta za IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye kazi ya programu iliyochelewa kunaichelewesha zaidi, kwa kuwa wageni lazima wafundishwe na walewale waliokwama. Punguza kazi. Mpigie mteja mchana umwambie kipi kitafika na kipi kitasubiri. Kwa hilo unalipwa kuliko yeye. Usitume ujumbe baada ya saa mbili usiku. Usimpongeze aliyekesha mbele ya wenzake, maana kesho utakuwa na sita waliokesha. Na programu mpya isipandishwe kwenye seva Ijumaa jioni: Jumamosi asubuhi nchi nzima iko kwenye kazi za jamii, na Jumapili ni ya Mungu.

Kuna hofu moja ya mwisho utakayoikuta kwa kijana, na ina uzito kuliko zote: mteja wa nje akimkosa usiku atahamia kwa mwingine. Itoe kwa saa ya ukutani. Brussels ina saa ileile ya Rumonge wakati wa kiangazi chao, na wakati wa baridi iko nyuma kwa saa moja tu. Mteja wa Brussels anayemtafuta usiku wa manane naye yuko macho usiku wa manane, naye anahitaji wa kumlaza. New York iko nyuma kwa saa sita au saba, kwa hiyo ofisi zao zikifunguliwa saa tatu asubuhi huku ni saa tisa au kumi alasiri, na jua lipo. California ndiyo inayotisha, nyuma kwa saa tisa au kumi, na hiyo hiyo ndiyo rahisi kuliko zote. Wakati wa kiangazi, mteja wa San Francisco akiingia kitandani saa tano usiku, Rumonge ni saa mbili asubuhi. Kijana wako ameoga, amekunywa chai, na ana saa nane za mchana mweupe kabla mteja hajafumbua macho. Akilala vizuri, kazi itamfikia yule bwana kabla ya kifungua kinywa.

Kwa hiyo simu ikilia saa nane usiku, kwao California ni saa kumi na moja jioni na mtu anataka tu kuifunga siku yake. Ipokee wewe, mama. Sema: "Amelala. Kazi utaikuta ukiamka." Kiingereza kikikusumbua, sema kwa Kiswahili, taratibu, mara mbili, sauti yako ataielewa. Kisha izime, na uiweke chini ya mto wako, si wake.